Robo Inayoona Gizani

Jua likishazama Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile ya kwenda Mbeya, mwanga unakuwa wa kuokoteza: taa za mabasi, balbu ya kibanda, makaa ya mchoma mahindi. Ukipanda hadi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba, ongeza na ukungu. Hapo ndipo simu nyingi huumbuka. Uso wa mtu unageuka chenga tupu.

Zile zisizoumbuka zinabebwa na ufundi unaostahili sifa. Mwaka 2018 Sony ilitangaza kihisi cha kamera chenye pikseli milioni 48, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 0.8 tu. Kijitundu cha namna hiyo kitanasa nuru gani usiku? Wahandisi wakaziweka pikseli nne jirani, mbili kwa mbili, chini ya kichujio cha rangi moja. Mchana kila pikseli inaweza kujitegemea. Giza likiingia, nne zinajumlishwa kuwa moja yenye upana wa mikromita 1.6, na picha inatoka na pikseli milioni 12.

Nuru inaongezeka mara nne, lakini zile chenga zitokanazo na uchache wa nuru zinaongezeka mara mbili tu. Waulize watu wanne sokoni lumbesa ya viazi ina kilo ngapi: mmoja atazidisha, mwingine atapunguza, na ukijumlisha majibu, sehemu kubwa ya makosa inafutana. Chenga nazo hazina msimamo mmoja, nuru inao.

Mpige picha yule mchoma mahindi kwa pikseli zote milioni 48, mtandio wake utajaa vidoa vya zambarau na kijani. Ziunganishe, mistari ya kitenge inajitokeza, hata mkunjo wa jicho linalokwepa moshi. Punje za hindi huwezi tena kuzihesabu. Hiyo ndiyo bei, na ni halali.

Dukani simu huuzwa kwa kutajiwa mamilioni ya pikseli, kwa hiyo wapo wapiga picha wa harusi wanaong'ang'ania idadi kamili hata ukumbi ukiwa na mwanga hafifu. Bibi harusi akilalamika kwamba kapewa milioni 12 badala ya 48, aelezwe kwamba zile 36 hazikutupwa: ndizo zilizomfanya aonekane.