Fani ya Mtaalamu wa Mionzi, Masasi hadi Newala

Katika mlolongo mrefu wa watu wanaomhudumia mgonjwa hospitalini, hakuna anayetegemewa sana na kutajwa kidogo kama mtaalamu wa mionzi, yaani yule anayepiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, kwa altrasaundi au, pale mashine inapokuwapo, kwa mamografia, ambayo ni eksirei ya matiti inayopigwa kwa mtambo wake wa pekee. Daktari husifiwa kwa kuutambua ugonjwa na mpasuaji kwa kuuondoa, lakini picha waliyoitegemea wote wawili ilikwisha kuamuliwa ubora wake mapema, katika chumba chenye mlango mzito uliotiwa bamba la risasi, na mtu aliyejua namna ya kuulaza mwili, kupima umbali, kuchagua nguvu ya mionzi na kumwambia mgonjwa lini avute pumzi na lini aizuie. Picha mbaya haisomeki vizuri hata ikipelekwa kwa bingwa wa mabingwa, na kwa sababu hiyo kazi ya kuipiga inastahili kutazamwa kama fani kamili, yenye elimu yake, sheria zake na adabu zake.

Kusini mwa Tanzania fani hii inaonekana katika ugumu wake wote. Masasi imekaa katika nchi tambarare iliyozungukwa na vilima vya mawe, na Newala imepanda juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, pale ambapo ardhi inakatika ghafla kwenye mteremko unaoitwa Shimo la Mungu na bonde la Mto Ruvuma linaonekana kwa mbali. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kwa muda mrefu ilikuwa ya mchanga na vumbi, hivyo mtu aliyevunjika mfupa alikuwa anaumia mara mbili, kwanza kwa ajali na kisha kwa safari. Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, hospitali ya wilaya ya Newala na Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ya Ndanda, iliyokua chini ya Wabenedikti waliofika hapo mwaka 1906, ndizo zimebeba mzigo wa maeneo haya. Tiba ya kusini ilijengwa na watu waliolazimika kufanya mengi kwa vifaa vichache, miongoni mwao Leader Stirling, mpasuaji mzaliwa wa Uingereza aliyefika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi karibu na Masasi na baadaye Mnero, kisha akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Wanaofika katika vyumba vya mionzi vya hospitali za namna hii ni aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, kijana wa bodaboda mwenye paja lililovunjika, mzee anayekohoa kwa wiki kadhaa na kushukiwa kifua kikuu, na mama mjamzito ambaye mtoto amelala vibaya tumboni. Na mara nyingi wote hao humkuta mtu mmoja tu, au wawili wanaopokezana.

Uwanda wa Makonde una historia ya kiu, na historia hiyo inaigusa fani ya mionzi moja kwa moja. Udongo wake wa kichanga huyameza maji ya mvua mara yanaponyesha, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyateka na kuyapandisha kichwani, hadi ulipokuja mradi wa kuyasukuma kwa pampu kutoka vyanzo kama Mitema. Picha ya eksirei ya zama za filamu ilihitaji maji mengi na safi: filamu iliingizwa gizani katika dawa ya kuibua taswira, ikasuuzwa, ikatiwa katika dawa ya kuidhibiti isiendelee kubadilika, kisha ikaoshwa kwa maji yanayotiririka, maana filamu isiyooshwa vya kutosha hubaki na mabaki ya dawa na baada ya miaka hugeuka rangi ya kahawia. Anayefikiri kwamba mtaalamu wa mionzi hubonyeza kitufe tu angepaswa kukumbuka kwamba mahali penye maji ya shida hata kuosha picha moja kulitaka hesabu na uaminifu wa mtu asiyeonekana na yeyote ndani ya chumba cha giza.

Mfumo wa kidijitali, ambamo bamba maalumu hupokea mionzi na kompyuta huigeuza kuwa taswira, umeondoa haja ya chumba hicho, lakini umeleta mtihani mwingine usiojulikana sana nje ya taaluma. Filamu iliyopigwa mionzi mingi kupita kiasi iliungua ikawa nyeusi, na mpigaji akaliona kosa lake papo hapo. Kompyuta, kinyume chake, huisawazisha taswira ikatoka nzuri hata mgonjwa alipopewa mionzi ya ziada, tena picha yenye mionzi mingi huwa safi zaidi machoni. Kosa linalojificha ndani ya picha nzuri ni la hatari kuliko lile linaloonekana, na kinga yake ni dhamiri ya mpigaji, anayeiangalia namba ya kipimo cha mionzi kila mara ingawa hakuna atakayemuuliza. Kanuni inayomwongoza ni kutumia mionzi kidogo kadiri inavyowezekana ilhali picha bado inajibu swali la daktari. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.1 au pungufu, milisiveti ikiwa kizio cha kupimia athari ya mionzi mwilini, wakati mazingira ya kawaida, yaani mawe, hewa na anga, humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo, lakini picha inayorudiwa kwa uzembe ni mionzi aliyopewa mtu bila faida yoyote.

Elimu ya kazi hii huanzia katika fizikia, kemia na baiolojia ya sekondari, kisha hufuata stashahada ya miaka 3 katika vyuo kama Muhimbili cha Dar es Salaam na Bugando cha Mwanza, ambako mwanafunzi hujifunza anatomia, umeme, tabia ya mionzi na, zaidi ya yote, mapozi ya mwili, kwa kuwa kila kiungo kina mikao yake na kila mkao hufichua jambo ambalo mwingine huficha. Sheria ya mwaka 2007 iliweka baraza la kuwasajili wataalamu wa radiolojia, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomiki mamlaka ya kukagua mashine na kupima beji ambazo wafanyakazi huvaa kifuani ili zirekodi mionzi iliyowafikia. Masharti hayo hayakubuniwa kwa urasimu. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hii Novemba 1895, na wengi wa waliofuata nyayo zake waliitumia bila kinga hadi vidole vyao vikaoza. Mnamo 1936 mjini Hamburg, Ujerumani, ulisimamishwa mnara wenye majina ya madaktari, mafundi na watawa waliouawa na kazi hiyo. Ndiyo sababu mtaalamu wa leo husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, na anapopiga picha wodini kwa mashine ya magurudumu hurudi nyuma, akijua kwamba umbali ukiongezeka mara mbili mionzi inayomfikia hubaki robo.

Mamografia ni tawi gumu kuliko yote ya fani hii. Titi halina mfupa. Ndani yake kuna mafuta, tezi na nyuzi ambazo mionzi huzipita kwa tofauti ndogo mno, na dalili ya saratani changa huenda ikawa chembechembe za chokaa zisizofikia nusu milimita. Kwa hiyo mashine hutumia mionzi hafifu, na titi hubanwa kati ya meza na bamba la plastiki kwa nguvu inayolingana takriban na uzito wa kilo 10 hadi 20. Daktari Raúl Leborgne wa Uruguay ndiye aliyesisitiza faida ya kubana katikati ya karne ya ishirini, na hoja yake ingali hai: titi lililobanwa huwa jembamba, tabaka zake hutandazika, halichezi, nalo huhitaji mionzi michache. Picha ya kwanza hupigwa kutoka juu kwenda chini, na ya pili kwa mshazari, ambapo msuli wa kifua lazima uonekane ukiteremka hadi usawa wa chuchu na mkunjo wa chini ya titi uwe umefunguka. Pasipo msuli huo, sehemu ya nyuma ya titi imeachwa nje, na uvimbe uliojificha huko utabaki huko. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1992 ilisababisha kanuni kwamba mpiga picha za eksirei asiguse mamografia kabla ya saa 40 za mafunzo ya ziada na picha za wagonjwa 25 chini ya msimamizi, na baada ya hapo apige walau 200 kila miezi 24 ili mkono usisahau.

Kubana kunauma, na mwanamke aliyeumizwa bila kuelezwa hatarudi, tena atawaonya wenzake. Hapa ndipo adabu inapokuwa sehemu ya ufundi. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mambo ya mwili wa mwanamke yana walimu wake na lugha yake, ambayo msichana huipokea katika unyago kutoka kwa wakubwa wa kike, na mtaalamu anayemwamuru bibi mzima avue nguo kwa sauti ya karani amekwisha kuiharibu picha kabla ya kuipiga, kwa kuwa mwili uliokakamaa hauwezi kuwekwa sawa. Mjuzi huanza na shikamoo, hueleza kila hatua kabla ya kuigusa, hutoa kanga ya kufunika upande usiohusika, na humwita muuguzi wa kike endapo yeye ni mwanamume. Anajua kwamba poda iliyopakwa kifuani kwa sababu ya joto inaweza kuonekana kama chembe za chokaa, kwa hiyo huomba ifutwe. Kwamba chale na makovu yaandikwe kwenye fomu yasije yakadhaniwa ugonjwa. Na kwamba kwa picha ya nyonga shanga za kiunoni hazina budi kuvuliwa, jambo ambalo halisemwi mbele ya mkwe wala mtoto wa kiume aliyemsindikiza. Swali la tarehe ya hedhi ya mwisho, linalozuia mjamzito asipigwe mionzi bila kujua, nalo huulizwa faraghani na kwa upole.

Lipo jambo jingine zito, nalo ni kunyamaza. Mtaalamu wa mionzi ndiye wa kwanza kuiona picha, na mgonjwa anamtazama usoni akitafuta jibu, lakini kutamka ugonjwa si mamlaka yake. Hata hivyo, kumnyamazia mgonjwa hakumaanishi kumnyamazia daktari: madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache nchini na wengi wako mijini, kwa hiyo anayeona pafu limesinyaa kwa hewa iliyojaa nje yake, au mfupa wa shingo umehama, ana wajibu wa kubeba taarifa mwenyewe hadi kwa tabibu bila kusubiri foleni.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza, na halikudai kila wilaya iwe na mamografia, kwa kuwa nchi zenye uwezo mdogo hupata zaidi kwa kumpima mapema mwenye dalili. Kwa mwanamke kijana, ambaye titi lake lina tezi nyingi zinazoifunika picha ya eksirei, altrasaundi hufaa zaidi. Kununua mtambo wa mamografia kabla ya kumfundisha mwendeshaji wake ni kuwatwisha wanawake maumivu na hofu bila jibu. Kwa mama wa Newala aliyegusa uvimbe, safari yaweza kumpeleka Mtwara au hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na siku zake za kusubiri jibu hupungua au huongezeka kutokana na karatasi anayoibeba. Mtaalamu makini huandika jina kwa herufi zilezile za cheti cha kliniki, upande wa titi, mahali pa uvimbe kama mshale wa saa unavyoonyesha, ukubwa wake kwa milimita, tarehe, na kama kuna picha ya zamani ya kulinganisha, humkabidhi aende nayo, kwa sababu daktari atakayempokea huko hatakuwa na njia nyingine ya kujua uvimbe ulikuwaje siku ulipopimwa mara ya kwanza.