Miguu ya Hija Huandaliwa Mfungo Mosi

Jirani yetu wa Kitomanga, mkoani Lindi, aliporudi kutoka Makka mwaka 2024, ua ulijaa watu. Tende zilipita mkono kwa mkono, maji ya zamzam yakagawiwa kwa vikombe vidogo, na kila mtu alitaka kuombewa dua. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, aliomba beseni la maji. Alipovua kandambili nikaona kilichokuwa kimefichika mchana kutwa. Ngozi ya unyayo ilikuwa imebanduka kuanzia chini ya vidole hadi katikati, kama ganda la kitunguu lililolowa. Kati ya kidole gumba na cha pili, pale kamba ya kandambili inapokaa, palikuwa na kidonda ambacho hakijafunga. Akaniambia, "Mwanangu, nguvu nilikuwa nazo. Miguu ndiyo iliyonikatalia."

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Baba mkubwa, mzee wa miaka 64, mkulima wa korosho aliyeweka akiba misimu kadhaa ili atimize nguzo ya tano. Sikutaka arudi na miguu ile. Tukakaa barazani tukapanga. Safu hii inachambua tulichofanya: kilichofaa, tulipokosea, na sababu zake.

Deni la miguu

Kabla ya kuandaa mguu, ujue utadaiwa nini. Baina ya Safa na Marwa kuna takriban mita 450, na sai ni kuzipita mara saba. Hizo ni kilomita tatu na ushei, na kwa kawaida mtu huzianza akiwa ametoka kuizunguka Kaaba mara saba. Tawafu yenyewe haina urefu mmoja. Aliye karibu na Kaaba huzunguka duara dogo, lakini aliyepandishwa ghorofani kwa sababu ya msongamano hutembea masafa marefu mara kadhaa kwa hesabu ileile ya mizunguko. Kisha zinakuja siku za Mina, Arafa na Muzdalifa, na kwenda kurusha mawe Jamarati. Arafa iko kilomita zipatazo 20 kutoka Makka. Mabasi yapo, na treni ipo, ila mahujaji zaidi ya milioni moja wanapohama siku moja, sehemu kubwa ya safari hubaki kuwa ya miguu. Hata usipotembea utasimama, na kusimama kwa saa nyingi huchosha nyayo kuliko mwendo.

Juu ya hayo kuna joto. Katika Hija ya Juni 2024, kipimo kwenye Msikiti Mtukufu kilifika nyuzi joto 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wao walikuwa watu wasio na vibali rasmi, waliotembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Kwa mtu mzima aendaye Hija, maandalizi ya mwili yamo katika usalama wa roho yake.

Lengelenge linavyozaliwa

Wengi tunadhani lengelenge huletwa na kiatu kusugua ngozi kwa juu. Sivyo hasa. Unapokanyaga, mfupa ulio ndani ya mguu husogea mbele, huku ngozi ya juu ikiwa imeng'ang'ania kiatu. Matabaka yaliyo katikati huvutwa huku na huku, hatua baada ya hatua, mpaka yanaachana. Mwanya huo ndio unaojaa maji. Ngozi iliyolowa jasho hung'ang'ania zaidi, kwa hiyo mguu wenye majimaji huharibika upesi kuliko mkavu.

Dawa yake ina sehemu mbili: kupunguza mvutano, na kuizoeza ngozi. Ngozi inayovutwa kidogo kidogo kila siku, ikapewa muda wa kupumzika, hujijenga na kuwa imara. Ile iliyokaa miezi bila kazi, kisha ikapewa kazi ya mwezi kwa siku moja, huchanika. Misuli ya kigimbi na kano za kisigino nazo hufuata sheria hiyohiyo, isipokuwa kano hukawia kuliko vyote. Pumzi hurudi baada ya wiki mbili tatu za mazoezi; kano huhitaji miezi.

Kalenda tuliyonayo

Hapa ndipo mpango wetu ulipopata umbo. Wazee wa pwani huita Shawwal mfungo mosi, Dhulqaada mfungo pili, na Dhulhija mfungo tatu. Kalenda hiyo inampa hujaji ratiba ya mazoezi tayari. Idd el-Fitri ya 2025 tuliiswali Jumatatu ya Machi 31, na kisimamo cha Arafa kilikuwa Juni 5. Kati yake ni siku 66. Ukitoa siku za safari na za kukaa Makka kabla ya ibada, hubaki kama wiki saba nyumbani. Wiki saba zinatosha, mradi usipoteze hata moja.

Mfungo mosi tuliupa kazi ya kuizoeza ngozi na kurefusha mwendo taratibu. Baba mkubwa alitoka baada ya swala ya alfajiri, dakika 20, siku tano kwa wiki, akipita njia ya mashambani chini ya minazi na mikorosho. Barabara kuu ya Lindi tuliikwepa, maana mabasi ya alfajiri hayamsubiri mtu. Kila wiki tulikusudia kuongeza dakika kumi, basi.

Kosa letu la kwanza lilitokea siku ya tatu. Alijisikia vizuri, akaenda saa nzima. Mzee aliyelima maisha yake yote alikuwa na pumzi ya kufika mbali, lakini kulima ni kazi ya mgongo na mikono zaidi ya mwendo mfululizo. Kesho yake kisigino kilikataa kukanyaga chini. Tulipoteza siku tano, na tulipoanza tena tulianzia dakika 20. Tangu hapo nikawa naandika dakika kwenye daftari, na daftari ndilo lililokuwa na amri, hata asubuhi aliyojiona kijana.

Kwa ajili ya kano tuliongeza zoezi moja lisilohitaji kifaa. Alisimama kwenye ukingo wa baraza, akashika nguzo, visigino vikining'inia nje. Akajinyanyua kwa vidole, kisha akashusha visigino polepole mpaka chini ya usawa wa sakafu. Mara 15, asubuhi na jioni. Wajukuu walimhesabia. Katika mambo yote tuliyofanya, hili nalipa nafasi ya juu: ni dogo, halina gharama, na ndilo linalomjenga mtu kwa ngazi, kwa miteremko na kwa kusimama.

Mfungo pili ulikuwa wa siku mbili mfululizo. Jumamosi na Jumapili alitembea saa mbili kila siku, moja asubuhi na moja baada ya alasiri. Sababu ni kwamba Hija haidai siku moja ya mwendo. Inadai siku tano au sita zinazofuatana, na mguu wa siku ya pili ndio unaosema kweli. Katika wiki mbili za mwisho tukaingiza matembezi mafupi ya saa nane mchana, akiwa na maji, mwamvuli na mtu wa kumsindikiza, baada ya kupimwa presha kwenye kituo cha afya. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kazi kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kupunguza mapigo ya moyo. Joto letu la pwani lina unyevu, la Makka ni kavu. Kule jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hupungukiwa maji huku ngozi yake ikiwa kavu. Ndiyo maana tulimzoeza kunywa kwa saa, asingoje kiu.

Siku za mwisho kabla ya kuondoka tulikata mwendo kwa nusu. Mwili hujijenga unapopumzika.

Makubazi, kucha na mafuta

Ihramu ina masharti yanayogusa mguu moja kwa moja, na maandalizi yasiyoyafikiria hayafai. Mwanamume havai soksi wala kiatu kinachofunika vifundo. Mwanamke anaruhusiwa vyote viwili. Kwa hiyo mwanamume hawezi kuilinda ngozi kwa soksi nzuri na raba, kama wafanyavyo watembeaji wengine duniani. Kinga yake ni ndala au makubazi yaliyokwisha kuzoeana na mguu. Jirani yetu alinunua kandambili mpya siku mbili kabla ya safari, na tuliona zilivyomfanya.

Makubazi ya Baba mkubwa yalinunuliwa kabla ya Idd, na matembezi yote aliyafanya nayo. Wiki ya pili ukanda ulimkata juu ya unyayo. Fundi viatu aliulainisha kwa mafuta, akapunguza ukingo wake kwa kisu, akabandika ngozi laini kwa ndani. Kasoro ile ilionekana Kitomanga, mahali penye fundi na muda. Ingeonekana Mina, ingekuwa kidonda.

Aliye kwenye ihramu hakati kucha wala hatumii manukato. Basi kucha zikatwe kabla ya kuitia nia, kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe. Mafuta ya kupaka kwenye nyayo yawe yale yasiyo na harufu. Magaga ya kisigino yasuguliwe kwa jiwe wiki kadhaa mapema na kulainishwa kwa mafuta kila usiku, kwa sababu ufa mdogo wa nyumbani hupanuka juu ya sakafu ngumu. Kati ya vidole usipake kitu, kausha tu.

Nina nasaha juu ya beseni pia. Kuloweka miguu kila jioni kwenye maji ya moto yenye chumvi hulainisha ngozi uliyokuwa unaiimarisha. Mwenye kisukari ndiye wa kujihadhari zaidi, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuua hisia za miguu. Huungua kwenye beseni bila kujua, na huungua kwenye lami ya Makka bila kujua. Mhudumu wa afya hupima kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 unaogusishwa kwenye unyayo huku umefumba macho. Usipouhisi, usitembee pekupeku popote nje, na kila usiku mtu akuangalie nyayo kwa taa.

Nchi inayojua mwendo

Elimu hii ya mwendo si ngeni kwetu. Kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kiko kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 zilishushwa hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, kila safari ikichukua siku nne. Leo mjusi mkubwa kutoka Tendaguru amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na katika waliofanya kazi ile jina linalotajwa sana ni la msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Wabebaji wengi hatuna majina yao, lakini tuna mbinu yao: mfupa uligawanywa kuwa mizigo ya kiasi cha mtu, na njia ikagawanywa kuwa siku.

Mwaka huohuo wa 1909, Uholanzi ilianzisha Matembezi ya Siku Nne, ambayo sasa hufanyika mjini Nijmegen kila Julai. Watu hutembea kilomita 30 hadi 50 kwa siku, na wengi wa wanaomaliza hujiandaa kwa miezi. Huku walitembea kwa ujira chini ya ukoloni. Kule hutembea kwa hiari yao na hupewa nishani. Mguu wa binadamu ni uleule, na hesabu ni ileile: gawa mzigo, gawa njia, anza mapema. Na kwetu mwendo umebaki hata katika lugha: neno machinga, tunalomwitia kila mchuuzi atembeaye na bidhaa, wengi hulihusisha na Wamachinga wa pwani hii ya Lindi.

Matokeo

Baba mkubwa alirudi Juni na lengelenge moja dogo kwenye kisigino cha kushoto, lililokauka lenyewe kwa kuwa hakulitoboa. Vigimbi vilimuuma siku mbili. Sai aliimaliza kwa miguu yake, na kwenda Jamarati pia. Mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi wa watu wote, na kuna wagonjwa na wazee ambao kiti cha magurudumu ndiyo haki yao, wala thawabu yao haipungui. Ila kwa mwenye uwezo wa kutembea, hukumu yangu ni hii: fedha za Hija huwekwa kwa miaka, na miguu nayo iwekewe angalau wiki saba.

Wewe uliyelipia safari ya mwaka ujao, nunua makubazi yako katika Ramadhani. Siku ya pili ya Idd, baada ya alfajiri, yavae, utoke dakika 20, urudi nyumbani. Kesho yake toka tena.