Nani Alimletea Bibi Nyama? Tafakuri Juu ya Riwaya ya James Welch

Riwaya tunayoitafakari katika makala hii ni fupi. Inaitwa Winter in the Blood, jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kuwa Baridi Katika Damu. Mwandishi wake ni James Welch, aliyezaliwa mwaka 1940 katika mji wa Browning, jimbo la Montana, Marekani, na kufariki mwaka 2003. Baba yake alikuwa wa kabila la Blackfeet na mama yake wa kabila la Gros Ventre, makabila mawili ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Kitabu kilichapishwa mwaka 1974. Si kitabu cha dini, na pale Kanisa linapotajwa halitajwi kwa sifa. Hata hivyo tunawashauri washarika wanaosoma Kiingereza wakitafute, kwa sababu kinauliza swali ambalo sisi wahubiri hulipita haraka: mtu aliyetengwa na wazee wake hurudishwaje kwao, na akisharudi anapokea nini?

Tuanze na historia, maana bila hiyo riwaya haieleweki. Watu wa Blackfoot hujiita Niitsitapi. Leo wako katika pande mbili za mpaka: Siksika, Kainai na Piikani wako Alberta, Kanada, na ndugu zao wanaoitwa Blackfeet wako Montana. Mpaka huo haukuwekwa na wao. Zamani waliishi kwa kuwinda nyati wa nyika zile. Nyati alikuwa chakula chao, nguo yao na hema lao. Tarehe 23 Januari 1870, askari wa Marekani chini ya Meja Eugene Baker walishambulia kambi ya Chifu Heavy Runner kando ya mto Marias. Jeshi lenyewe lilihesabu maiti 173. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, na kambi hiyo ilikuwa tayari ina ugonjwa wa ndui. Kisha nyati wakaisha. Katika majira ya baridi ya mwaka 1883 hadi 1884 posho ya serikali haikutosha, na watu wapatao 600 wa Blackfeet wakafa kwa njaa. Baadaye zikaja shule za bweni, nyingine zikiendeshwa na makanisa, ambamo watoto walizuiwa kusema lugha ya mama zao.

Welch hasimulii mambo hayo moja kwa moja. Anatupa mwanamume wa miaka 32 ambaye hata jina lake hatuambiwi. Mtu huyu anaishi na mama yake, Teresa, katika eneo la Fort Belknap lililotengwa kwa ajili ya makabila. Baba yake, First Raise, alikufa kwa baridi mtaroni akirudi nyumbani amelewa. Kaka yake, Mose, aligongwa na gari barabarani walipokuwa wakirudisha ng'ombe nyumbani, na tangu siku hiyo msimulizi ana goti bovu. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye amekimbia na bunduki yake na mashine yake ya kunyolea. Anamtafuta katika miji midogo, baa moja hadi nyingine, lakini tunapomsikiliza tunatambua kwamba hata yeye hajui anatafuta nini. Anasema mwenyewe kwamba yuko mbali na nafsi yake. Sisi tuliozoea kuwatembelea washarika majumbani tunamfahamu mtu huyu. Hana ugomvi na Mungu wala na wanadamu. Amepoa tu, kama jiko lililosahauliwa.

Nyumbani kwao yumo bibi mzee sana, kipofu, ambaye karibu hasemi tena. Bibi huyu ni wa Blackfeet, naye alikuwa mke kijana wa chifu aliyeitwa Standing Bear. Njaa na askari ziliwafukuza watu wake hadi nchi ya Gros Ventre. Standing Bear akauawa vitani. Watu wake, waliokuwa na njaa na uchungu, wakamgeukia mjane huyo na kumwona mkosi. Wakamtenga. Askari walipokuja kuwakusanya na kuwaswaga kama mifugo, yeye hakuwa miongoni mwao, akabaki nyuma peke yake katikati ya theluji.

Sasa, ni nani aliyemlisha? Familia haikuwahi kuuliza swali hilo. Ilisemwa tu kwamba babu alikuwa chotara mmoja aliyeitwa Doagie, na habari ikaishia hapo. Lakini maili chache kutoka kwao anaishi mzee kipofu, Yellow Calf, peke yake katika kibanda, ambaye husema kwamba kulungu humweleza jinsi dunia ilivyopinda. Baada ya bibi kufa, msimulizi anakwenda kumpasha habari, naye mzee anasimulia ile baridi ya njaa. Msimulizi anauliza maswali na mzee hajibu yote. Mara farasi mzee aliyefungwa nje anatoa hewa kwa kishindo, na msimulizi anaelewa: huyu ndiye aliyekuwa akiwinda usiku na kumletea mwanamke aliyetengwa nyama. Huyu ndiye babu yake. Anacheka hadi machozi yanamtoka, na mzee anacheka pamoja naye.

Hapa ndipo ubora wa riwaya hii ulipo, na hapa tunataka kukaa kidogo. Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, na kila anapotokea kijana anayeona haya kwa sababu ya kwao tunamkumbusha. Lakini Welch analigeuza swali. Tuseme nini juu ya mtu ambaye asili ndiyo iliyomwacha? Bibi hakuwakimbia watu wake. Watu wake ndio waliomtenga. Mjukuu akitaka kurudi kwa Blackfeet kwa njia ya fahari, atakutana na wale waliomwacha bibi yake afe. Njia iliyobaki wazi ni moja tu, nayo ni nyayo za kijana mmoja aliyeasi uamuzi wa watu wake akapeleka nyama gizani. Urithi ambao msimulizi anaupokea ni tendo la huruma kabla haujawa jina la kabila.

Jambo hili lina uzito hata leo. Katiba ya Blackfeet wa Montana, kwa marekebisho ya mwaka 1962, hutaka mtu awe na angalau robo ya damu ya kabila ndipo aandikishwe. Hatuwahukumu kwa hilo; watu waliobaki wachache na wenye ardhi inayotamaniwa na wengi wana sababu za kulinda mlango. Tukitumia hesabu hiyo, msimulizi wetu amepata faida, maana chotara ameondoka katika ukoo wake na mahali pake ameingia mzee wa Blackfeet. Lakini tazama: hesabu hiyo haimjii hata akilini. Kinachomshangaza ni kwamba wazee wawili walipendana na kuitunza siri yao kwa miaka mingi, na kwamba yeye mwenyewe ni tunda la nyama ile.

Msomaji wa Biblia atakuwa amekwisha kumkumbuka Ruthu. Naye alikuwa mjane, mwenye njaa, mgeni katika nchi ya watu, akiokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi akahakikisha kwamba hatoki shambani mikono mitupu. Kutokana na shayiri ile akazaliwa Obedi, na Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu katika sura ya kwanza hakumficha Ruthu Mmoabi, wala Tamari, wala Rahabu, wala mke wa Uria. Ukoo wa Kristo wenyewe umepita kwa wanawake ambao wengine wangeona aibu kuwataja. Na Luther, alipofafanua ombi la nne la Sala ya Bwana katika Katekisimo Ndogo, alihesabu majirani wema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Yellow Calf alikuwa jirani wa namna hiyo. Welch hakuandika ili kufundisha Katekisimo, nasi hatutaki kumbatiza kwa nguvu. Tunasema tu kwamba Mkristo anayo macho ya kuona kilichomo humu.

Lakini tusikimbilie sehemu inayotupendeza tukaruka inayotuchoma. Katika riwaya yumo padre wa mji wa Harlem, rafiki wa Teresa. Padre huyu hakanyagi katika eneo lile la makabila. Hawaziki watu katika makaburi ya familia zao. Huwataka wampelekee maiti kanisani kwake. Anamwandikia Teresa barua, na msimulizi anaichana bila kuisoma. Wapo watakaosema kijana ana moyo mgumu. Sisi tunaona kwamba barua ilichanika kabla hajaishika, siku ile mtumishi wa Mungu alipoamua kwamba makaburi ya watu hawa si mahali pa kufika. Mchungaji asiyetaka kujua wafu wa washarika wake walilala wapi, atawezaje kuwahubiria walio hai habari za ufufuo?

Matokeo yanaonekana katika kurasa za mwisho. Bibi anazikwa bila mchungaji wala padre. Waombolezaji ni watatu tu. Kaburi limechimbwa fupi, jeneza haliingii, na mume wa Teresa anashuka na kulirukia ili lishuke. Hotuba yake inachekesha na kusikitisha. Kisha msimulizi anakitupa kaburini kifuko cha tumbaku cha bibi yake. Baadhi ya ndugu wataona katika kifuko hicho kurudi kwenye mila za giza. Tunaomba waangalie tena. Mahali ambapo Kanisa halikufika, mjukuu alitimiza Amri ya Nne kwa kile kidogo alichokuwa nacho. Alimheshimu mzazi wa mama yake. Kama tungependa awe na neno bora zaidi la kusema pale kaburini, ilitupasa tuwepo.

Kitabu hiki kina kasoro zake, nasi tuzitaje. Wanawake ambao msimulizi anakutana nao mijini wamechorwa kijuujuu, wengine kama miili tu, na kurasa hizo zina mambo ya ulevi na zinaa ambayo hatungempa kijana wa kipaimara asome bila mkubwa wa kuzungumza naye. Bibi, ambaye maisha yake ndiyo moyo wa hadithi, hapewi nafasi ya kusema. Njaa yake na penzi lake tunavisikia kwa vinywa vya wanaume. Zaidi ya hayo, msimulizi amempata babu lakini hakupata jamaa. Mwisho wa kitabu bado anawaza kutibiwa goti na kumrudia yule mwanamke aliyemkimbia, naye hatujui kama atafanya lolote. Kwetu sisi huo ni ukweli wa kitabu zaidi ya kuwa udhaifu. Kujua ulikotoka kunaondoa uongo mmoja maishani. Hakuponyi ulevi, wala hakumrudishi kaka aliyekufa. Anayemtangazia mtu aliyevunjika kwamba mizizi yake itamwokoa anampa mzigo ambao mizizi haiwezi kuubeba.

Kazi ambayo riwaya inaiacha, watu wenyewe wameichukua. Mwaka 1987, huko Browning alikozaliwa Welch, Darrell Robes Kipp na Dorothy Still Smoking walishiriki kuanzisha Taasisi ya Piegan ili kuiokoa lugha ya Blackfoot, na baadaye zikafunguliwa shule ambamo watoto hufundishwa kwa lugha hiyo. Lugha ambayo babu zao walikatazwa kuisema sasa inafundishwa darasani. Huo nao ni mkate, nao umeletwa na majirani.

Nasi je? Wengi wetu katika makanisa ya Afrika Mashariki ni Wakristo wa kizazi cha tatu au cha nne. Wako wazee wetu ambao siku ya ubatizo waliacha majina yao mlangoni, na wajukuu hawayajui. Wako bibi ambao habari zao zimefungwa kwa sentensi moja, kama ile ya Doagie, kwa sababu palikuwa na njaa, au vita, au mimba ambayo haikutajwa. Hatusemi kila siri ifukuliwe. Wengine wanayo haki ya kunyamaza, na Yellow Calf mwenyewe hakuyajibu maswali yote. Tunasema kwamba yapo maswali ambayo hayana haya, na wazee wangefurahi kuulizwa. Tusiishie kumwuliza mzee ukoo wake ni upi na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Tumwulize ule mwaka wa njaa walikula nini, na ni nani aliyekileta. Jina atakalolitaja, hata kama si la ukoo wetu wala la dini yetu, tuliandike katika kumbukumbu za familia, na Jumapili ya kuwakumbuka marehemu tulitaje mbele za Mungu kwa shukrani.