Msemaji wa Kando ya Shuka

Ukitaka kuona kibandaumiza kimejaa hapa Chato, nenda usiku wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani; taa zao haziwezi kushindana na mwanga ule, na dagaa hawakusanyiki. Basi wanapanda kutoka mwaloni, wanatoa shilingi 500 mlangoni na kubanana kwenye mabenchi, shingo zote juu kuelekea televisheni moja. Wiki iliyopita kijana wa mlangoni alizitazama mvi zangu, akasema, "Shikamoo mzee. Pita tu, leo ni ya DJ, siyo ya kusoma." Alinihurumia macho. Hakujua kwamba DJ ndiye hasa niliyemfuata.

Ilikuwa filamu ya Kichina ya ngumi, ya zamani, rangi zimefifia. DJ mwenyewe, yaani msimulizi anayeigeuza filamu kwa Kiswahili, hayupo chumbani. Sauti yake imekwisha kurekodiwa juu ya filamu. Watu wa enzi za kanda za video wanamjua Lufufu, waliofuata wanamjua DJ Mack, na Uganda wapo maveejay ambao wengine husimulia papo hapo, kipaza sauti mkononi na watazamaji mbele yao. Tunaiita kazi hii kutafsiri, lakini sikiliza vizuri. DJ hafuati kila neno, na wala si lazima akijue Kichina. Anangoja. Steringi anaingia hotelini, DJ kimya. Steringi anaketi, anaagiza chai, DJ bado kimya. Kisha jicho la mhudumu linapepesa, na kabla hatujalitilia maanani sauti inaingia: huyo si mhudumu. Chumba kizima kinaguna. Angechelewa kidogo, angekuwa anatusimulia tulichokwisha kukiona. Angewahi mno, angetuharibia filamu. Na kila anapofungua mdomo anashusha sauti ya picha, akiufunga anaipandisha, ili ngumi isikike kama ngumi.

Ufundi huu una babu yake, na babu huyo alikuwa mtumishi wa vita.

Mwaka 1939, vita vya pili vilipoanza, Wizara ya Habari ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, kikiongozwa na William Sellers. Bwana huyu alikuwa afisa wa afya Nigeria, na huko alikwisha kuonyesha filamu za tauni na usafi kwa gari la sinema. Sasa kazi ikawa kuwaeleza watu wa makoloni Uingereza ni nani na kwa nini vita vyake viwe vyao. Filamu ya kwanza, Mr. English at Home ya 1940, ilionyesha siku moja ya familia ya kawaida ya Kiingereza. Nyingine, This is a Barrage Balloon, ilieleza yale maputo makubwa yaliyoning'inizwa juu ya miji yao. Huku Afrika Mashariki jeshi nalo lilikuwa na kikosi chake cha propaganda cha kuzunguka: askari wa keya, lile jeshi la kikoloni, wakionyesha gwaride mchana, sinema usiku.

Nyingi ya filamu za Sellers hazikuwa na sauti. Zilikuja na maelezo ya Kiingereza kwenye karatasi, na kazi ya kuyageuza maneno hayo yasikike kijijini ilimwangukia Mwafrika aliyesimama kando ya shuka nyeupe, kipaza sauti mkononi, jenereta ikinguruma nyuma yake. Jina lake ni nadra kuandikwa popote.

Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya haraka. Kwa hiyo aliagiza picha ndefu, kamera itulie, pasiwe na ujanja wa kuruka kutoka mahali hadi mahali. Ni nadharia iliyojaa dharau, na ilizaa hadithi zake. Mojawapo, aliyoisimulia John Wilson na msomi Marshall McLuhan akaitia kitabuni mwaka 1962, ni ya filamu ya dakika kama tano kuhusu usafi. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama mna kuku; ilibidi warudie picha moja moja mpaka wakamwona akikatiza pembeni. Wasomi wamelitumia jambo hilo kuonyesha kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi nasema anayemwona kuku ambaye hata mpiga picha hakumwona anajua kutazama vizuri mno.

Lakini angalia ilivyokuwa. Picha ikitulia muda mrefu, inaacha nafasi, na nafasi ile alipewa msemaji. Hao waliomdharau mtazamaji ndio waliomjengea msemaji jukwaa bila kukusudia.

Chukua puto lile. Karatasi inasema limefungwa kwa waya za chuma ili ndege za adui zisishuke chini na kulenga vizuri. Sasa simama mbele ya watu wa pwani hii ya ziwa, ambao wengi wana kijana wao keya, ukawaeleze. Ukitafsiri neno kwa neno, umewapa mfuko wa hewa wenye kamba. Ningekuwa mimi, ningesema nyavu: ndege ni samaki, waya ni nyavu zilizosimama, puto ni boya lililopanda angani badala ya kuelea majini. Mvuvi anamaliza mengine mwenyewe. Ila nayasema haya nikiwa nimekaa, nimepata siku nzima ya kufikiri. Yeye alikuwa na muda ambao puto lilikuwa kwenye shuka, basi.

Na muda huo haukuwa wake. Filamu bubu ya milimita 16 kwa kawaida huzungushwa picha 16 kwa sekunde; yenye sauti, 24. Mkanda wa futi 400 ukienda kwa mwendo wa kwanza unachukua zaidi ya robo saa, kwa mwendo wa pili dakika 11 hivi. Mwendesha mashine akikosea mwendo, Mwingereza anatembea kama siafu na msemaji anakimbizana naye.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilijaribiwa hapa hapa nchini. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu 35 chini ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, maelezo yakiwa kwenye sahani za santuri: Kiswahili, Kisukuma na lugha nyingine kadhaa. Wazo zuri, na heshima kwao kwa kukikumbuka Kisukuma. Lakini santuri haioni. Watu wakicheka, haiwangoji wamalize. Mzee akiuliza swali, inampita. Msemaji wa kando ya shuka alisikia kicheko na kukipa nafasi.

Sidhani kama maofisa walilala usingizi mzuri kwa sababu yake. Asiyejua lugha ya kijiji angewezaje kuhakiki kilichosemwa juu ya Mr. English na chai yake? Propaganda nzima ya dola ilipita katika koo la mtu mmoja. Serikali iliendelea kuwategemea Waafrika kwenye sinema zake hata baada ya vita. Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu.

Nilikuwa nikiwaza hayo pale kibandani spika ilipokata. Picha ikaendelea, sauti hakuna, steringi anarushiwa visu kimya kimya kando ya mto. Kijana wa mlangoni akaanza kuhangaika na nyaya. Kutoka benchi la nyuma mvuvi mmoja, ambaye bila shaka filamu hii ameiona mara nyingi, akaanza kusimulia, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, bila haraka. Huyu ndiye aliyemuua baba yake. Huyu dada mnayemwona atamsaliti. Visu vikaisha, steringi akarukia mtumbwi. Mvuvi akanyamaza, akasogea mbele kidogo.

"Ule mtumbwi," akasema, "umefungwa vibaya. Tazameni kamba."

Tukatazama kamba.