Kuuzunguka Mugumo: Jina, Kitenzi na Mapenzi ya Jinsia Moja katika Stories of Our Lives (2014)

Stories of Our Lives, kazi ya kikundi cha wasanii wa Nairobi kiitwacho The Nest Collective iliyoongozwa na Jim Chuchu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwezi Septemba 2014. Ni mkusanyiko wa filamu fupi tano zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe, zilizotokana na masimulizi ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao. Mwezi uliofuata, bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliipiga marufuku, ikidai kuwa inakuza ushoga kinyume na maadili ya taifa. Ni rahisi uhakiki kuishia kwenye marufuku hiyo. Makala haya yanauliza swali jingine: filamu hizi zinamtajaje mtu ambaye lugha imekwisha kumpa jina kabla hajajieleza?

Majina yaliyozoeleka, kama vile shoga, basha na msagaji, humfungia mtu ndani ya tendo moja, na aghalabu hutamkwa na mwingine. Hata hivyo, katika mazungumzo ya wanawake wa pwani, shoga ni mwandani, mtu wa kuaminiwa siri. Neno moja limebeba usuhuba na tusi. Vichwa vya filamu hizi vinaziepuka nomino za aina hiyo. Cha kwanza, Ask Me Nicely, kina jina la pili la Sheng, Itisha Poa. Katika Kiswahili sanifu huitishwa mkutano au mgomo. Mitaani Nairobi, kuitisha ni kuomba kitu. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja anayeombwa. Cha Sheng hakina kiambishi cha mtendwa. Kinachosisitizwa ni namna ya kuomba, wala si aina ya mtu.

Athman, filamu ya tatu, kichwa chake ni jina la mtu tu. Ray na Athman ni wafanyakazi wa shambani na marafiki wa muda mrefu. Linalomuumiza Ray si sheria wala umma, bali ni kumwona Athman akimchombeza mfanyakazi mwenzao wa kike. Huu ni uchungu unaofahamika na kila msomaji wa ushairi wetu wa mapenzi: kupenda usikopendwa. Filamu haimtetei Ray. Inamwacha aumie kama mpenzi mwingine yeyote, na humo ndimo ilimo nguvu yake.

Duet, inayofuata, ina udhaifu. Humo matamanio yanatimizwa katika hoteli ya ughaibuni, tena kwa malipo. Kwa mpangilio huo, kazi inakaribia kuwapa hoja wale wanaodai kuwa mapenzi haya ni ya kigeni.

Jibu limo katika filamu ya mwisho, Each Night I Dream. Wanasiasa wanapotishia kutekeleza sheria dhidi ya watu kama yeye, Liz anawaza njia za kutoroka na mpenzi wake. Miongoni mwazo kuna imani ya Wagikuyu kwamba mtu akiuzunguka mti wa mugumo mara 7, jinsia yake hubadilika. Hivyo, mila inayotajwa kumkataa Liz ndiyo inayompa lugha ya kuota. Lakini ndoto hiyo ina gharama: ili ampende mwanamke, sharti awe mwanamume. Kiswahili kinaujua mtego huu. Kiambishi cha nafsi a- hakibagui jinsia, ilhali kitenzi cha ndoa hubagua: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kuuzunguka mugumo ni kuhama kutoka kauli ya kutendwa hadi ya kutenda.

Hata hivyo, sarufi hiyohiyo ina kauli ya tatu. Kupendana na kuoana hakumtengi mtenda na mtendwa, wala hakumdai mtu abadilike kwanza. Liz hafiki huko, anabaki akiota. Kujikubali, kwa mujibu wa filamu hizi, ni kuitafuta kauli ambayo lugha tayari inayo, lakini jamii bado inakataa kuitumia kwa wote.