Picha ya Pili Ndiyo Kazi

Nina picha kumi na moja za duka moja bovu hapa Kashikishi, kando ya ziwa, na hakuna hata moja inayonisaidia. Ni duka la zamani la matofali ya kuchoma, lina baraza mbele, na mabati yake yameshika kutu hadi yakafanana na samaki wa kukausha kwa moshi. Nimelipiga misimu mitatu ya mvua. Siku moja nilitaka kujua ule ufa wa juu ya mlango umerefuka kiasi gani, nikazitandaza picha zote mezani. Nikashindwa. Moja niliipiga nimechuchumaa, nyingine nimeegemea mtumbwi uliopinduliwa, nyingine jioni jua likizama upande wa Kongo. Picha kumi na moja, utadhani maduka kumi na moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama upya kazi za mpiga picha Camilo José Vergara, si kwa kuzistaajabia bali kwa kumchunguza fundi anavyoshika zana. Vergara alizaliwa Chile mwaka 1944, akaenda Marekani kusoma, akapitia sosholojia katika Chuo Kikuu cha Columbia. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akipiga mitaa iliyochakaa ya New York, Newark, Camden, Detroit na kwingineko. Picha yake moja moja ukiiona peke yake huenda usigeuze shingo: ukuta, dirisha lililozibwa kwa mbao, gari limeegeshwa. Nguvu yake iko katika kurudi. Nyumba namba 65 ya East 125th Street, kule Harlem, alianza kuipiga mwaka 1977 ilipokuwa ukumbi wa muziki, akairudia kwa miongo kadhaa. Biashara zikaingia na kutoka, mojawapo duka la magodoro. Jengo ni lile lile, mpigaji yuko mbele yake vile vile, na jicho la mtazamaji linaenda lenyewe kwenye kilichobadilika.

Ukiichambua kazi hiyo, vitu vinavyofungwa ni vichache: mahali pa kusimama, kimo cha kamera, lenzi, na saa ya mchana. Ukikosea kimoja, picha mbili hazisemezani. Lenzi pana hurefusha baraza, kamera iliyoelekezwa juu hufanya kuta zionekane zinalala nyuma, na kivuli cha jioni huficha ufa ambao asubuhi ulikuwa wazi.

Kuna njia nyingine, na ndiyo iliyopata umaarufu zaidi. Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, walianza kuipiga Detroit mwaka 2005, wakatoa kitabu chao cha magofu ya mji huo mwaka 2010. Walitumia kamera kubwa ya kusimikwa kwenye miguu mitatu, yenye filamu ya bapa karibu sawa na kiganja cha mkono. Ndani ya kumbi zenye giza shata huachwa wazi muda mrefu, mwanga unaingia taratibu, na kila gamba la rangi linalobanduka linaonekana. Lenzi ya kamera ya namna hiyo inaweza kupandishwa bila kuinamisha kamera yenyewe, kwa hiyo nguzo zinabaki wima kama zilivyojengwa. Tazama Michigan Theatre, ukumbi wa sinema wa mwaka 1926 uliogeuzwa maegesho: magari yamepangwa chini ya dari la nakshi ambalo nusu yake imeshaanguka. Kiufundi sina la kusema, ni kazi safi.

Ila mji huo wa picha hauna watu. Detroit ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, na mwaka kile kitabu kilipotoka walibaki zaidi ya 700,000. Wamepungua sana, sawa, lakini laki saba si kaburi. Wenyeji walilalamika, na nawaelewa. Vergara naye hakusalimika: mwaka 1995 alipendekeza baadhi ya maghorofa matupu ya katikati ya mji yaachwe yasimame kama magofu ya kutazamwa, na watu wakaja juu. Mimi ningekuja juu pia. Stesheni ya Michigan Central, iliyofungwa mwaka 1988 na kupigwa picha na kila mpenda magofu, ilifunguliwa tena Juni 2024 baada ya kukarabatiwa. Picha zake za zamani zisizo na tarehe sasa zinasema uongo, ingawa hazikubadilika hata nukta.

Karibu na kwetu, nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar. Pale shida ni uchochoro: ukirudi nyuma hatua mbili umegonga ukuta wa jirani. Nyumba nzima haikai ndani ya picha moja. Dawa yake ni kuupiga ukuta kipande kipande, kamera ikiwa sambamba nao, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, kisha programu ya kompyuta iziunge. Na lazima ujue ukuta unakufaje. Zile nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimebebwa na boriti. Adui ni maji ya kwenye paa. Yanapenya, boriti inaoza pale ilipoingia ukutani, na aliyepaka saruji juu ya chokaa ameufungia unyevu ndani. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha uchakavu apande darini kwanza, mlango wa nakshi utamsubiri. Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, limepigwa na watalii wasiohesabika, wengi wakiwa bustani ya Forodhani, wakipiga uso wa mbele. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa.

Basi nikaanza upya na duka langu. Kwanza nilichimbia jiwe, nikalipaka rangi nyeupe. Nililiweka ukingoni mwa barabara inayopita mbele ya duka, kwa sababu baada ya mvua ziwa hupanda, na alama ya ufukweni ingekuwa chini ya maji. Nikakata fito ya mita moja na nusu, simu nailaza juu yake, lenzi ile ile, sivuti karibu. Picha iliyopita nimeichapisha, naishika mkononi nikilinganisha pembe ya paa na nguzo ya umeme iliyo nyuma. Pembeni ya ufa nabandika kiberiti, kiwe kipimo.

Saa ndiyo iliyonichelewesha. Wapiga picha tumefundishwa kukimbia jua la mchana. Lakini ukuta huu unatazama ziwa, yaani magharibi. Asubuhi wote uko kivulini, na jioni unapigwa jua usoni hadi unaonekana laini kama karatasi. Saa saba mchana jua linaanza tu kuuparuza kutoka juu, na kila tofali lililochomoza linadondosha kivuli chake. Nusu saa tu, imekwisha.

Siku ya kwanza ya utaratibu huo, mama anayeuza chisense, dagaa wa ziwani, pale barazani aliniangalia nikihangaika na fito yangu.

"Baba, unapiga tu nyumba. Mimi haunioni?"

Nilikuwa nimemsubiri aondoke. Nikamwomba radhi, nikampiga na meza yake, na tangu siku hiyo yumo katika kila picha. Mwaka uliofuata nililinganisha: ufa ulikuwa umeongezeka nusu kiberiti, na nilijivunia ugunduzi wangu. Kisha nikaona meza yake imesogea hatua mbili kushoto. Nikamuuliza, mama, ulihama lini?

"Kabla ya mvua," akasema, akinionyesha juu ya mlango kwa kidevu. "Pale panadondosha."