Shibiri Moja

Saa mbili asubuhi kopo la rangi lilikuwa bado limefungwa. Fundi aliketi juu ya tairi kuukuu, macho kwenye utepe wa nailoni aliokuwa ameufunga kwenye ncha ya mti mbele ya kibanda chake. Utepe ulipepea kivivu, ukaanguka, ukainuka tena. "Bado," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilikuwa Mabanga, Bungoma, kwa semina ya wiki moja katika kituo cha mafunzo ya kilimo, na gari langu lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, zawadi ya trela la miwa. Miaka michache nyuma niliwahi kulipakisha rangi gari hilohilo katika gereji moja ya mjini, kazi ya saa tatu, na kabla mwaka haujaisha rangi ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo haraka naijua matunda yake. Hata hivyo mzee wa watu kukaa tu akitazama utepe kulinikera. Siku ya kwanza nilirudi semina nikinung'unika. Siku ya tatu nilitoroka semina ili nimtazame.

Anayeijua Bungoma anazijua mvua zake: asubuhi jua, alasiri mawingu yanapanda upande wa Mlima Elgon, jioni radi. Na duco, rangi anayoipuliza fundi, haipendi unyevu. (Jina hilo mafundi wetu walilirithi kutoka kwa rangi ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliiingiza sokoni mwaka 1923, ikakausha magari kwa saa chache badala ya majuma, leo duco ni duco, iwe imetoka kiwanda gani.) Thina inaporuka kwa kasi inalipoza bati, unyevu wa hewani unanasa kwenye rangi mbichi, na mng'aro wote unaingia ukungu mweupe kama kioo kilichohemewa. Ndiyo sababu fundi hungoja umande ukauke, na ndiyo sababu lazima awe amemaliza kabla ya saa saba.

Hapo nikadhani nimemwelewa. Kumbe utepe una kazi ya pili. Nyuma ya kibanda kuna shamba la miwa. Upande wa pili, hatua kama thelathini, kuna mama anayepika chapati. Utepe ukielekea miwa, kopo linafunguliwa. Ukielekea kwa mama, halifunguliwi. Si mapafu ya mama peke yake anayoyafikiria, ni jiko lake pia. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi wa kuni, unatambaa chini kama maji yanayotafuta bonde, na ukikuta makaa unawaka na moto unarudi ulikotoka mvuke.

Kuchanganya ndiko kulikoninasa. Gari langu ni jeupe, ndivyo vitabu vyake vinavyosema. Fundi alicheka. Nyeupe iliyopigwa na jua miaka kumi na minane si nyeupe tena. Ina manjano kidogo, ina ujivu kidogo, na upande wa dereva si sawa na upande wa abiria. Alimimina nyeupe kwenye kikopo cha uji, kisha akafungua mkebe mdogo wa rangi kali ya kuchanganyia, nyeusi, ile ambayo kijiko chake kimoja kinaweza kuharibu lita nzima. Hakuimimina. Alichovya ncha ya njiti ya kiberiti, akaiacha idondoshe tone moja, akakoroga polepole hata mstari mweusi ukazama. Alipaka kidogo kwenye kipande cha bati, akakiweka juani kikauke, maana rangi mbichi husema uongo. Akakisogeza kando ya mlango. Akakipeleka kivulini. Akarudi nacho juani. Njiti nyingine, safari hii ya manjano. Sikuhesabu, lakini chai yangu ilipoa mara mbili. Mwishowe alikibandika kile kipande kwenye mlango na kwa muda nikashindwa kuona mpaka wake.

Muda wote huo alikuwa amevaa glavu za samawati, nzito. Zile nyembamba za hospitali, alinieleza, thina inazilainisha kabla hujamaliza kukoroga. Na kazi ilipoisha hakunawa kwa thina. Katika gereji nyingi nilizopita, mafundi hunawa thina kama maji. Mikono inatoka safi, mikavu, imechanika vidoleni, na kile kilichoondoa mafuta ya ngozi kimeshapenya ndani kikaingia damuni. Yeye alijipaka mafuta kidogo ya kupikia, akayasugua mpaka rangi ikalegea, ndipo akachukua sabuni ya kipande. Inachukua dakika tano zaidi. Ana dakika tano.

Rangi iliyotulia mkebeni na rangi iliyopulizwa hewani ni vitu viwili tofauti, na kuna watu waliolijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1992, katika eneo la Alcoy, mkoani Alicante, Hispania, wafanyakazi wa viwanda vidogo vya kutia rangi vitambaa walianza kukohoa na kuishiwa pumzi, na sita wakafa. Rangi waliyoitumia ilikuwa imetengenezwa ipakwe kwa brashi au sifongo. Mtu akaitia kwenye bunduki ya kupulizia rangi, ikawa ukungu mwembamba unaoshuka hadi vyumba vya mwisho vya mapafu. Ugonjwa ule ukabaki na jina la kiwanda kimojawapo, Ardystil. Miaka mitatu kabla ya hapo, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imeiorodhesha kazi yenyewe ya upakaji rangi miongoni mwa vyanzo vya saratani kwa binadamu. Si rangi fulani, bali kazi.

Fundi wa Mabanga hajasikia habari za Alcoy. Anachojua ni kwamba bunduki ya kawaida hulifikishia bati kama theluthi moja tu ya rangi anayoitia, na kwamba hiyo iliyobaki lazima iende mahali. Kwa hiyo siku ya kupuliza hunyoa ndevu. Nilimwona akinyoa kwa kioo cha pembeni cha pikipiki, nikadhani ana safari. Ndevu za siku mbili, alisema, zinatosha kuacha nyufa kati ya shavu na barakoa. Barakoa yake ni ya mpira, ina vichujio viwili vya mkaa, na akishaivua vichujio huingia kwenye kopo la Blue Band na kifuniko kinabanwa, kwa kuwa mkaa ule ukiachwa wazi unaendelea kunywa hewa chafu hata usiku. Juu ya kopo amebandika karatasi, na kwenye karatasi amepiga vistari kama vya kuhesabia magunia, kila kistari saa moja ya kazi. Vistari vikitimia hesabu yake, vichujio vinatupwa, hata kama havinuki kitu.

Kazi moja huikataa, na imempotezea wateja: rangi zinazochanganywa na hadina, kile kimiminika cha kuzigandisha. Zinang'aa kuliko duco na zinadumu zaidi, hilo hakatai. Lakini ndani ya hadina kuna isosayaneti, na hiyo haina adabu ya kunuka mapema ikakuonya. Humletea mpulizaji pumu, na kifua kikishaichukia, chembe ndogo tu baadaye yatosha kumkaba. Dawa yake ni kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, na yeye hana. Basi wateja hao huwaelekeza kwenye karakana yenye chumba cha kupulizia. Wapo wanaomwambia amepitwa na wakati.

Mpwa wake, kijana wa miaka kama ishirini anayejifunza kazi, siku moja alirudi kutoka dukani na pakiti mbili za maziwa. Kila anayejua mafundi wa rangi anayajua maziwa haya. Eti yanaosha kifua. "Khocha, yako hii," kijana akasema. Mjomba aliipokea, akaimimina kwenye sufuria ya chai. Maziwa yanashuka tumboni, akamwambia, na mvuke umepita mlango mwingine. Kijana alikunywa yake palepale, kwa tahadhari.

Siku ya nne lililetwa gari la shule, litiwe manjano kama sheria ya trafiki inavyotaka tangu 2017. Lilikuwa na manjano ya zamani, iliyofifia. Hapo nilimwona fundi akibadilika. Manjano kali za zamani nyingi zilipata ukali wake kwa risasi na kromiamu, na ingawa Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni ya rangi, rangi iliyokwisha kukaa kwenye bati haijui sheria. Ukiipiga msasa mkavu inakuwa vumbi, na vumbi hilo linarudi nyumbani ndani ya nguo hadi kwa watoto, ambao risasi huwaumiza akili hata ikiwa kidogo sana. Alitandaza turubai, akaleta ndoo, akaanza kupiga msasa wa maji. Matope ya manjano yaliteremka kwenye turubai, hayakuruka. Kijana alitaka kumwaga ndoo ya kwanza mtaroni. Aliitwa jina lake mara moja tu, akarudi. Na tazama, msasa wa maji ndio huohuo unaoliacha bati laini kama kaka la yai. Sijaona bado mahali ambapo njia yake ya kujilinda imeiharibu kazi.

Mlango wangu ulipulizwa saa tano kasoro. Kabla ya hapo alinyoosha kiganja kati ya bunduki na bati, kidole gumba huku, cha mwisho huku: shibiri moja. Ukikaribia zaidi, rangi inateremka machozi. Ukienda mbali, inakauka njiani na kutua kama mchanga. Mkono ulianza kwenda kabla ya bunduki kufyatuliwa na uliendelea baada ya kuachwa, ukinyooka kutoka mwisho hadi mwisho bila kupinda kiwiko, na kila mstari ulilala nusu juu ya uliotangulia. Mwili wake wote ulitembea pembeni kama mtu anayepita kwenye ukuta mwembamba. Ukungu ulimpita begani ukaenda kwenye miwa. Mara nne, na kati ya kila mara muda wa kutosha kuteta na mwenye mlango.

Baadaye aliosha bunduki kwa thina ya jana aliyoitunza, akaanika matambara kwenye kamba moja moja. Thina iliyobaki ilirudi kwenye mkebe wake wenye lebo, alama ya moto na ile ya mtu mwenye nyota kifuani bado zinasomeka. Hakuna chupa ya soda kwenye kibanda kile isiyo na soda. Niliuliza sababu, akanijibu kwa swali: mtoto akiinywa, utamtapisha? Nikasema ndiyo. "Ndipo utamuua," akasema. Ikipanda tena inaingia mapafuni. Unamkimbiza hospitali hivyohivyo alivyo, na mkebe mkononi ili daktari asome.

Ijumaa nilipita kuaga. Gari la shule lilikuwa limefunikwa magazeti madirishani, tayari, na mwenye gari alikuwa amesimama kando akitazama saa, akipiga honi ya gari lake jingine. Umande ulikuwa umekauka kitambo. Fundi alikuwa amenyoa. Lakini utepe ulikuwa umegeuka, umenyooka moja kwa moja kuelekea kwa mama wa chapati, na kopo la manjano lilikuwa chini ya kiti, limefungwa.